Tuwapime mawakala wa akili mnemba kabla ya kuwapa funguo za takwimu

KATIKA zahanati za Bagamoyo, kama ilivyo kwingineko nchini, taarifa za wagonjwa zimekuwa zikiandikwa katika vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulioanza miaka ya 1990. Hesabu za kila mwezi hujumlishwa na kuingizwa katika mfumo wa kompyuta wa DHIS2, ulioendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na kuenezwa nchini mwanzoni mwa miaka ya 2010.

Mfumo huo una mlango ambao wataalamu huuita API. Kupitia mlango huo, programu nyingine huomba takwimu bila mtu kufungua ukurasa hata mmoja. Hadi miaka ya karibuni waliobisha hodi hapo walikuwa waandishi wa programu, watu waliojua wanachokitafuta. Sasa anakuja mgeni mwingine: wakala wa akili mnemba.

Wakala huyu hupokea swali kwa lugha ya kawaida, huchagua mwenyewe zana ya kutumia, huiita na kurudi na jibu. Tofauti na wakala wa fedha za simu tuliyemzoea mtaani, huyu hawafahamu wateja wala mtaa wao. Anachokijua kuhusu zana ni yale maelezo aliyoandikiwa. Maelezo yakiwa na upungufu, naye atajaza pengo kwa kukisia, tena kwa ufasaha unaoshawishi.

Hebu tuchukue mifano mitatu ya Bagamoyo kwenyewe.

Kwanza, jina. Magomeni ni kata katika mji wa Bagamoyo, na pia ni kata maarufu ya Kinondoni, Dar es Salaam. Katika DHIS2 kila kituo na kila eneo lina utambulisho wa herufi na tarakimu 11. Maelezo ya zana yasipomtaka wakala athibitishe wilaya kwanza, anaweza kuleta wagonjwa wa Kinondoni akidhani ni wa Bagamoyo.

Pili, mipaka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 311,740 katika Wilaya ya Bagamoyo. Baadaye ikaundwa Halmashauri ya Chalinze, na sensa ya mwaka 2022 ikaipa Halmashauri ya Bagamoyo pekee watu wapatao 205,000. Asiyejua historia hiyo atatangaza kwamba theluthi moja ya wakazi wametoweka. Kosa hilo hilo likihamia kwenye malaria, litageuka kuwa habari njema ya uongo.

Tatu, sifuri. Kwa kawaida DHIS2 haihifadhi sifuri, isipokuwa pale ambapo msimamizi ameagiza hivyo kwa kipengele husika. Kwa hiyo nafasi tupu inaweza kumaanisha kwamba hapakuwa na mgonjwa, au kwamba taarifa ya mwezi haikufika. Binadamu mzoefu huangalia kwanza kiwango cha utoaji taarifa. Wakala hatafanya hivyo asipoelekezwa.

Haya si masuala ya mafundi peke yao. Endapo mgawo wa dawa mseto au vyandarua utapangwa kwa jibu la wakala aliyedhani kwamba ukimya ni afya, atakayekosa dawa ni mtoto wa kijiji ambacho taarifa yake ilichelewa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Zama hizi daftari halitoshi. Linahitaji maelezo ya namna ya kulisoma.

Hata hivyo, maelezo mazuri bila kipimo ni ahadi tu. Jaribio la Tau-bench, lililotolewa mwaka 2024 na watafiti wa kampuni ya Sierra ya Marekani, lilionyesha kwamba hata mfumo wa GPT-4o ulimaliza kwa usahihi chini ya nusu ya kazi ulizopewa. Kazi za huduma ya duka ziliporudiwa mara nane, zilizofaulu mara zote nane hazikufika robo. Mifumo imeboreshwa tangu wakati huo, lakini somo limebaki: kupatia mara moja si kuaminika.

Kwa mantiki hiyo, halmashauri haina sababu ya kuridhika na maonyesho ya muuzaji. Iandae maswali yake kwa Kiswahili, ambayo majibu yake yanajulikana na waratibu wa MTUHA. Kila swali lirudiwe mara kadhaa. Wakala apimwe kama amechagua zana sahihi, eneo sahihi na kipindi sahihi. Na zaidi ya yote, kama anaweza kusema kwamba taarifa haitoshi. Kwa kuanzia apewe ruhusa ya kusoma tu, si ya kuandika.

Sheria ya kuegemea ipo. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 inaweka utaratibu wa mifumo ya umma, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inagusa pia maamuzi yanayofanywa na mitambo. Kinachohitajika sasa ni kazi isiyo na shamrashamra: kuandika maelezo ya kila zana na kuyapima hadharani, kabla wakala hajakabidhiwa ufunguo.