NI UZEMBE AU NI JUA?



Mtu akiumia kazini karani huleta fomu, na mahali pa sababu huandikwa neno moja: uzembe. Kijana wa gangi ameponyokwa na nyundo saa nane mchana, uzembe. Fundi ameteleza kwenye ngazi ya behewa alfajiri ya Julai, uzembe. Mimi nasema neno hilo ni hila ya kupunguza fidia, na tusilikubali tena.

Tazameni Mombasa. Mwezi wa Machi joto la mchana hufika digrii 32 au 33 kivulini, na hewa ya bahari ni nzito hata jasho halikauki mwilini. Reli iliyolala juani hupita joto hilo mbali sana. Mwulizeni aliyeishika bila glavu. Mtu aliyepungukiwa na maji akili humlegea, macho hukawia, na mpini huteleza mkononi. Tena usiku hakulala vema kwa joto la chumba cha mabati. (Kodi ya chumba hicho ni habari ya siku nyingine.)

Nairobi nako Julai, asubuhi ni digrii 11 au 12. Vidole vilivyokufa ganzi havijui kama vimeshika nati au hewa, na chuma chenye umande huteleza kama sabuni.

Wataalamu waliochunguza madai ya fidia huko California, Marekani, ya miaka 2001 mpaka 2018, walitoa habari zao mwaka 2021. Siku za joto la kupita digrii 32, majeraha yalizidi kwa asilimia 6 hadi 9 kuliko siku za ubaridi wa kiasi. Wala si kuzimia kwa jua tu: watu walianguka, wakagongwa na mitambo. Je, watu wa California huwa wazembe siku za joto, kisha hodari siku za ubaridi? Serikali ya huko iliweka sheria mwaka 2005 kwamba wanaofanya kazi nje wapewe maji, kivuli na mapumziko.

Wakubwa watajibu kwamba jua ni la Mungu. Naam, jua ni la Mungu, lakini ratiba ya kazi yaandikwa ofisini! Farao alitaka matofali bila kutoa majani. Hawa wataka reli inyoke bila kutoa debe la maji, ingawa sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 inamdai mwajiri maji safi ya kunywa.

Twataka kazi nzito Mombasa ianze mapema na isimame jua likiwa kali. Twataka glavu Nairobi. Na fomu iwe na mahali pa kuandika saa na digrii za joto. Mpaka hapo, usitie sahihi chini ya neno uzembe kabla hujamwita mjumbe wa chama.