Kunguni wamerudi, na dawa ya pamba si ya kitanda cha mtoto (Sehemu ya 4)



Sehemu iliyopita niliongelea vipele vya watoto, na maswali mengi yaliyokuja inbox yalikuwa ya aina moja. "Nesi, mwanangu ana vipele vimejipanga mstari, vinawasha usiku, nimepaka dawa ya fangasi wiki mbili haviponi." Nikiuliza vimekaa wapi, najibiwa mikononi, shingoni, miguuni, yaani sehemu zinazobaki nje ya shuka. Dada, kabla hujanunua tyubu nyingine, amka saa nane usiku na tochi ya simu. Inua godoro, mulika mishono yake na viungo vya chaga. Ukikuta vidoa vyeusi kama mtu kadondosha wino, umeshampata mwizi wako.

Kunguni wamerudi, tuseme tu. Na tuache aibu. Mwaka 2023 Paris yenyewe, Ufaransa, watu walikuwa wanaogopa kukaa kwenye viti vya treni na vya sinema kwa sababu ya kunguni. Huyu mdudu hafuati uchafu. Anafuata joto la mwili na pumzi ya mtu aliyelala. Anapanda kwenye tranka la mwanafunzi wa bweni anayerudi likizo Butiama, kwenye begi ndani ya basi la kutoka Mwanza, kwenye kochi ulilonunua kwa mtu pale Nyasho ukaona umepata bei nzuri. Mama anayedeki mara tatu kwa siku anaweza kuwa nao sawasawa na jirani yake.

Aibu naigusa kwanza kwa sababu ndiyo inayotufanya tununue sumu kimyakimya, na hiyo sumu ndiyo iliyonifanya niandike leo.

Bunda ni wilaya ya pamba, na dawa ya pamba haikosekani majumbani. Mtu akishaamka wiki nzima anajikuna, anaangalia ile chupa iliyobaki stoo, anachanganya na maji, anapuliza godoro. Usiku huohuo mtoto wa miezi saba analazwa palepale, mlango umefungwa, dirisha limefungwa kwa sababu ya mbu. Sasa fikiria. Mkulima akipuliza shambani yuko kwenye upepo na anaondoka. Mtoto amelaza uso kwenye ile dawa saa kumi.

Baadhi ya dawa za shambani zinashambulia mishipa ya fahamu. Mtoto anatoka mate na jasho jingi, anatapika, anaharisha, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, anapumua kwa shida, anaweza kuingia degedege. Ukiona hivyo usimpe maziwa, usimtapishe. Mtoe nje kwenye hewa, vua nguo zake zote, muoshe kwa sabuni na maji mengi, kimbia hospitali. Na chupa uje nayo! Tukijua ni dawa gani, tunajua pa kuanzia.

Vile vidonge vya kuhifadhia mahindi ni hatari zaidi. Vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi ya fosfini, na hiyo hatuna sindano ya kuifuta. Februari 2015, huko Fort McMurray nchini Kanada, familia moja iliweka vidonge vya aina hiyo chumbani kuua kunguni. Watoto watano waliugua, wawili wakafariki. Mmoja alikuwa na miezi minane. Hao walikuwa karibu na hospitali kubwa za nchi tajiri.

Utaniuliza, basi mbona ile dawa ya kopo ya dukani haiwaui? Jibu lipo hapahapa Tanzania. Vyandarua vyenye dawa vilipoanza kutumika vijijini, kunguni walikufa pamoja na mbu, na watu walivipenda sana kwa sababu hiyo. Baadaye wakaanza kupona. Mwaka 2002 watafiti walichapisha kazi waliyofanya vijiji vya Muheza, Tanga: palipotumika vyandarua hivyo, kunguni walishakuwa sugu kwa dawa za kundi lile. Na makopo mengi ya dukani ni ya kundi hilohilo. Ukipuliza, wanahama tu kutoka kitandani kwenda kwenye fremu ya picha, kwenye soketi, kwa jirani. (Tafadhali chandarua usikishushe. Kunguni hajathibitika kumpa mtu malaria wala UKIMWI, ila mbu wa ziwani hapa unamjua.)

Halafu kuna mayai. Jike anataga mayai mamia maishani mwake, kwenye nyufa ambazo dawa haifiki, na kwenye joto letu yanaanguliwa ndani ya wiki moja hadi mbili. Ndiyo maana ukipuliza mara moja unalala vizuri siku kumi, halafu unaanza upya.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kunguni wakishasambaa ndani, tafuta mpulizaji aliyesomea, mwenye kibali. Dawa za wadudu na wanaozipuliza kibiashara wako chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA. Muulize afisa afya wa kata akuelekeze. Mpulizaji akija, omba kuona kibali na lebo ya dawa. Muulize atarudi lini mara ya pili, na mtoto aingie baada ya saa ngapi. Asiyetaka kuonyesha lebo, mwache aende na pampu yake.

Najua mtasema nesi, hela. Ni kweli, si bei ya kopo. Lakini nyumba ya kupanga yenye vyumba sita, kila mtu akipuliza siku yake, mnafukuziana wadudu mwaka mzima na kila mmoja anamaliza makopo yake. Changishaneni mpulize siku moja. Kikoba kinakopesha vitenge, kitashindwa hili? Na wenye nyumba nao wachangie. Bati likivuja tunawaita wao. Nyufa za ukuta wanakojificha kunguni ni za nani?

Wakati mnakusanya hela, shuka na nguo za mtoto ziloweke kwenye maji ya moto kabisa, yale ya kuunguza mkono, kisha anika juani. Chaga mwagia maji yanayochemka kwenye viungo, watoto wakiwa mbali. Sogeza kitanda kisiguse ukuta, ziba nyufa kwa saruji. Hayo hayawamalizi, yanawapunguza mpaka mpulizaji aje. Na ile chupa ya pamba iliyoko stoo, leo hii itoe nyumbani, ifungie mahali ambapo mtoto hafiki.