Mwalimu wa Ufundi na Kompyuta ya Gari

Kila inapotajwa haja ya kumwelimisha mwalimu wa ufundi stadi katika mambo ya kidijitali, imekuwa ada kwetu kumwita ukumbini siku tatu, akafundishwa kutuma barua pepe na kupanga slaidi, akapewa cheti na nauli, kisha akarejea karakanani mwake vile vile alivyotoka. Elimu hiyo siidharau, maana yako masomo, uhazili kwa mfano, ambayo kompyuta ndiyo kazi yenyewe. Walakini kwa mwalimu wa magari, wa umeme au wa uchongaji vyuma, ilimu anayoihitaji imo ndani ya chombo anachokifundisha.

Natutazame gari. Tangu mwaka 1996 sheria ya Marekani iliwalazimu watengenezaji kutia katika kila gari jipya la abiria tundu la pini 16, aghalabu chini ya dashibodi, ambamo fundi huchomeka kipimo chake akaisoma kompyuta ya injini. Mataifa mengine yakafuata, na leo magari mengi yashushwayo bandarini Dar es Salaam kutoka Japani, yajapokuwa yametumika miaka mingi, yana tundu kama hilo. Kijana wa gereji, ambaye yumkini hakukanyaga chuo chochote, hununua kipimo kidogo kinachoungana na simu, akakichomeka, akasoma P0171, na hapo ndipo shughuli ianzapo. Alama hiyo yasema tu kwamba hewa iingiayo injini imepita kiasi cha mafuta; haisemi kama ni mpira wa hewa uliopasuka, ama sensa iliyoingia vumbi, ama pampu ya mafuta iliyochoka, na asiyejua kupambanua hayo hubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine kwa fedha ya mwenye gari.

Mwalimu aliyezeeka na kabureta, ambaye huusikia mvujo wa hewa kwa sikio, ndiye mwenye ilimu ya kuifasiri alama ile. Na ajabu ni kwamba ndiye tumsemaye kuwa amepitwa na wakati, hata yeye mwenyewe akasadiki, akakiepa kipimo kwa kuona haya kubahatisha mbele ya wanafunzi wamshindao kwa simu.

Rai yangu ni kwamba mwalimu wa namna hiyo atolewe darasani muhula mzima kila baada ya miaka michache, akae gereji au kiwandani, mshahara wake ukiendelea na mwenzake akimshikia zamu, na Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi Morogoro kiuhesabu muda huo kuwa ni sehemu ya ualimu wake. Gharama yake si haba, lakini waajiri hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, na sehemu yake huelekezwa VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi. Nao wenye gereji, walalamikao kila uchao kwamba vijana wa vyuo hawajui kitu, ndio wenye mashine. Wampokee, basi. Na atakaporejea asikute kipimo cha chuo kimefungiwa kabatini kwa mkuu wa idara, kwa hofu kwamba kitaharibika. Kitaharibika, naam, kama tupa na patasi ziishavyo kwa kutumika, na bajeti ya chuo haina budi kulihesabu hilo tangu mwanzo wa mwaka.