Ndege Mdogo na Wajibu wa Mlinzi

Wako wanaodhani kwamba kuwatazama ndege ni starehe ya watalii, wala haimhusu mtu aliyevaa sare. Sisi hatukubaliani nao.

Katika nchi jirani ya Kenya, kwenye vilima vya Ngulia katika Mbuga ya Tsavo Magharibi, kila Novemba na Desemba, wakati kaskazini ya dunia imeingia majira ya baridi, watu hukesha wakingoja ukungu. Ukungu ukishuka, ndege wanaohama huvutwa na taa za hoteli. Hunaswa kwa nyavu laini, huvishwa pete mguuni, kisha huachiwa waendelee na safari. Kazi hiyo ilianza mwaka 1969. Miongoni mwao huonekana wachache wa aina iliyo adimu: ndege mwimbaji wa matete wa Basra, wa rangi ya kahawia, mdogo kuliko ngumi.

Kwa nini amekuwa adimu? Maskani yake ya kuzalia ni vinamasi vya kusini mwa Iraki. Baada ya maasi ya mwaka 1991, serikali ya Saddam Hussein iliamuru vikaushwe ili waasi wakose maficho. Matuta yakajengwa, maji yakageuzwa njia, wenyeji wakafukuzwa. Ilipofika mwaka 2001, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba karibu sehemu 9 katika 10 zimepotea. Serikali ile ilipoanguka mwaka 2003, wenyeji wenyewe walibomoa matuta. Maji yakarudi katika sehemu nyingi, na matete yakaota tena.

Hapa pana funzo kwetu. Uganda ilijiunga na Mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi vinamasi mwaka 1988, na mara nyingi askari na polisi ndio wanaotumwa kuwaondoa wavamizi. Kazi hiyo ni halali, tena ni ya lazima. Lakini haifai kumchanganya mvamizi anayefukia maji na mvuvi au mkata mafunjo anayeishi kwayo bila kuyaharibu. Huyo wa pili ni mlinzi mwenzetu. Tukimpiga na kumnyang'anya nyavu zake, nani atatupasha habari tutakapokuwa kambini?

Basi, ndugu askari, zamu ya kinamasini si zamu ya adhabu. Ni ulinzi wa nchi, nao hutimizwa kwa sheria, kwa subira, na kwa kumheshimu mwananchi.