Kinu cha Jirani na Usingizi Wako

Ndugu msomaji, ikiwa unaishi katika nyumba ya wapangaji sita wanaotumia mita moja ya LUKU, basi somo la leo umekwisha kulisoma kwa mfuko wako. Kila chumba hutoa mchango ulio sawa. Mwenye taa moja hulipa sawasawa na mwenye friji, na hapana anayeona sababu ya kuzima pasi mapema, kwa kuwa katika kila shilingi sita za umeme anaotumia, tano hutoka katika mifuko ya wenziwe. Wapangaji hao si watu wabaya. Gharama imetenganishwa na yule anayeisababisha, basi. Wakifungiwa mita ndogo, chumba kwa chumba, ugomvi mwingi utakwisha pasipo mahubiri ya mtu yeyote.

Lakini kelele, moshi na maji machafu havina mita. Hapo hulazimu kuuliza swali gumu zaidi: ni nani mwenye haki?

Mwaka 1879 mahakama ya rufani mjini London iliamua kesi ambayo wanauchumi huirejea mpaka leo. Bwana Bridgman alikuwa mtengenezaji wa peremende, na jikoni mwake mlikuwa na vinu viwili. Kimoja kilikuwa kimetumika mahali pale pale kwa zaidi ya miaka 60, na cha pili kwa zaidi ya miaka 26. Daktari Sturges akahamia nyumba iliyopakana naye, akakaa miaka minane bila lalamiko. Kisha akajenga chumba cha kupimia wagonjwa mwisho wa bustani yake, ukuta kwa ukuta na jiko lile. Hapo ndipo mchi ulipokuwa adui. Kila ulipotwanga, daktari alishindwa kusikiliza vifua vya wagonjwa wake. Akashtaki, naye akashinda. Kutangulia hakukumsaidia mwenye vinu.

Ronald Coase, Mwingereza aliyefundisha Marekani na kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1991, aliichambua kesi hiyo katika makala yake ya mwaka 1960. Alisema madhara ya namna hii huwa na pande mbili: kinu kikilia, daktari hudhurika, kinu kikinyamazishwa, mwenye peremende hudhurika. Mahakama ikisha kuonyesha haki iko kwa nani, majirani hao wangeweza bado kukaa na kupatana kwa fedha, na aghalabu mapatano yao yangefuata njia iliyo nafuu kuliko zote.

Tuilete hoja hiyo mtaani kwetu. Tuseme wewe hufanya kazi zamu ya usiku kiwandani, nawe hulala mchana. Jirani yako ana mashine ya kusaga. Akiifunga hadi saa nane mchana, hupoteza shilingi 10,000 kila siku, na akina mama wa mtaa mzima hubeba mahindi yao kwenda mbali. Lakini kuihamishia mashine upande wa pili wa kiwanja chake ni gharama ya shilingi 80,000, mara moja tu. Ikiwa sheria inakupa wewe haki ya utulivu, yeye ataihamisha mashine. Ikiwa sheria inampa yeye haki ya kusaga, huenda wewe ukamlipa hizo 80,000 ili aihamishe. Kwa vyovyote mashine itahama.

Wako wanaoishia hapo na kusema kwa wepesi kwamba haidhuru haki apewe nani. La hasha! Kwa mashine haidhuru. Kwa mfanyakazi anayesubiri mwisho wa mwezi, shilingi 80,000 ni ada, ni viatu vya watoto, ni unga. Tena Coase mwenyewe alisisitiza kwamba kupatana nako kuna gharama zake. Mpangaji atapatana vipi na mwenye mashine ikiwa huyo ndiye mwenye nyumba, naye aweza kumwambia ahame? Huyo huendelea kukesha usiku na mchana, na usingizi wake uliopotea haumo katika bei ya unga.

Ugumu huzidi pale wanaodhuru na wanaodhuriwa wanapokuwa maelfu. Uikumbuke mifuko ya plastiki. Dukani ilikuwa kama bure, kwa muuzaji na kwa mnunuzi. Ikatupwa, ikaziba mitaro, na mvua ziliponyesha maji yakaingia katika nyumba za mabondeni. Aliyetoa godoro lake nje kulianika hakuwamo katika biashara ile, wala hakujua amshtaki nani kati ya wateja wote wa jiji. Hapo hapana kupatana kuwezekanako, na ndiyo maana serikali iliingilia kati: tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara. Mnunuzi huchukua kikapu chake au hununua mfuko wa aina nyingine, na gharama hiyo sasa anaibeba yeye.

Chupa za plastiki za maji na soda hazikuguswa na katazo lile, na mitaroni zimo bado.