UCHAMBUZI: Isiolo iandike historia ya miamba yake kabla ya matingatinga

MJADALA kuhusu maendeleo ya Isiolo umetawaliwa na barabara, uwanja wa ndege na mashamba. Tangu mradi wa LAPSSET uzinduliwe mjini Lamu Machi 2012, mji huo umehesabiwa kuwa kitovu cha Kaskazini. Hata hivyo, historia iliyofukiwa ardhini haitajwi.

Dunia ina umri wa takriban miaka bilioni 4.5. Ushahidi wa kale wa uhai unaokubaliwa na wanasayansi wengi, ambao ni mabaki ya vijidudu katika miamba ya magharibi mwa Australia, ni wa karibu miaka bilioni 3.5.

Kwa kipimo hicho, miamba ya msingi ya Isiolo ni michanga. Ni sehemu ya Ukanda wa Msumbiji, uliojikunja mabara ya kale yalipogongana, takriban miaka milioni 650 hadi 550 iliyopita. Joto na shinikizo viliyapika mawe hivi kwamba si rahisi kupata humo dalili za uhai, lakini ndivyo vilivyozaa vito vinavyochimbwa katika ukanda huo.

Visukuku vinapatikana katika tabaka changa zaidi, kaskazini mwa Isiolo. Mnamo 1982, taya la nyani mkubwa aliyeishi yapata miaka milioni 9.5 iliyopita lilipatikana katika milima ya Samburu. Mnamo 1984, Kamoya Kimeu aligundua mabaki ya mvulana wa Turkana huko Nariokotome. Zana za mawe za Lomekwi, zilizotangazwa 2015, zina umri wa miaka milioni 3.3.

Wenyeji wananufaikaje? Sheria ya Madini ya 2016 inaitengea kaunti asilimia 20 ya mrabaha, na jamii asilimia 10. Visukuku havina mgao kama huo. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inavifanya kuwa mali ya Serikali. Nayo Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti jukumu la makavazi, huku turathi za umuhimu wa kitaifa zikibaki mikononi mwa serikali kuu.

Wapo watakaosema kwamba mfugaji anayekabiliwa na ukame anahitaji maji, wala si mifupa. Hoja hiyo ina uzito, ila inatenganisha mambo yasiyotengana. Miamba migumu ya msingi huhifadhi maji katika nyufa zake tu, ilhali lava ya Nyambene huyapitisha hadi yakatokeza katika chemchemi za Buffalo Springs. Anayechora ramani ya miamba ndiye anayejua kisima kichimbwe wapi.

Sheria ya mazingira ya 1999 tayari inadai tathmini kabla ya miradi mikubwa. Kaunti inaweza kushinikiza kila tathmini ihusishe mtaalamu wa miamba na visukuku, na matokeo yake yawekwe kwenye rejista ya umma.

Onyo lipo karibu. Mbuga za Ziwa Turkana, ikiwemo Sibiloi yenye visukuku vya Koobi Fora, ziliingizwa 2018 katika orodha ya UNESCO ya turathi zilizo hatarini, bwawa la Gibe III nchini Ethiopia likiwa miongoni mwa sababu. Wakati huo bwawa lilikuwa limekwisha kujengwa.

Wahenga walinena, mali bila daftari huisha bila habari. Isiolo bado ina nafasi ya kulifungua daftari hilo.