Mpango wa Moto Usifungiwe Ndani ya Ukuta

Ukiingia katika kiwanda, ghala au afisi kubwa yoyote hapa Mombasa, hutakosa kuuona ule mchoro uliotundikwa ukutani: mistari inayoonyesha vyumba, mishale ya kijani inayoelekea mlangoni, na maandishi yanayowataka watu wasikimbie ovyo moto utokeapo. Aghalabu karatasi yenyewe imefifia kwa jua na jasho la ukuta. Si ajabu kukuta kwamba mlango unaoelekezwa na mshale umezibwa na makatoni, na kwamba aliyetajwa kuwa msimamizi wa uokozi alikwisha kustaafu, akarudi kwao. Mchoro umebaki pale kwa sababu mkaguzi akija atauliza uko wapi.

Kanuni za kupunguza hatari za moto mahali pa kazi, zilizotolewa mwaka wa 2007, zinadai mengi zaidi ya mchoro. Zinamtaka mwenye mahali pa kazi aendeshe zoezi la moto angalau mara moja kwa mwaka, awe na kikosi chake cha kupambana na moto, atenge mahali pa kukusanyikia, na afanyiwe ukaguzi wa usalama kila mwaka. Kwa hivyo hatuna upungufu wa sheria. Tunalopungukiwa ni mpango unaoweza kuulizwa swali ukajibu, na watu wanaoruhusiwa kuuliza.

Nalisema hili hasa kwa ajili ya wakazi wa ng'ambo ya kisiwa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe. Kisiwa cha Mombasa kimezungukwa na maji, na kila msaada mzito unaotoka huko hauna budi kupita mahali pembamba. Wa Kisauni hupita daraja la Nyali, lililojengwa mwaka wa 1980. Wa Changamwe hupita Makupa. Wa Likoni husubiri feri, au huzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Dakika ambazo moto hutumia kutoka godoro moja hadi paa zima ni chache kuliko dakika ambazo gari la zimamoto litatumia likiwa limenaswa katika msongamano wa jioni. Mgala muue na haki yake umpe: wazimamoto wetu hawakuzichimba mikono hii ya bahari. Lakini kwa kuwa tunajua kuwa msaada waweza kuchelewa, ni wajibu wetu kupanga mapema zaidi kuliko mji ambao msaada wake uko hatua chache tu.

Hapa ndipo zinapoingia programu za kompyuta zilizotengenezwa kwa kazi hii. Tofauti yake na ule mchoro wa ukutani ni kwamba zinajibizana na mtu. Ndani yake huwekwa ramani ya jengo au kiwanda: milango yote na upana wake, ngazi, swichi kuu ya umeme, vali za kufungia mafuta, mabomba ya maji ya kuzimia moto, vitu vinavyohifadhiwa na kiasi chake, na idadi ya watu mchana na usiku. Kisha msimamizi huuliza. Tangi hili likiwaka huku upepo unatoka kusini, joto litafika wapi? Mlango wa nyuma ukizibika, watu mia mbili watatoka kwa muda gani? Gari la zimamoto liingilie lango lipi ili lisisimame palipo na moshi? Jibu hutokea juu ya ramani, na swali likibadilishwa, jibu nalo hubadilika.

Wamarekani wanayo programu ya namna hiyo iitwayo CAMEO, iliyotengenezwa na mashirika mawili ya serikali yao, la mazingira na la bahari na anga. Wazimamoto huitumia kujua kemikali fulani ina madhara gani, na mvuke wake au joto la mlipuko wake litafika umbali gani. Hutolewa bure. Lakini programu hiyo haikusimama peke yake. Baada ya gesi ya sumu kuwaua maelfu ya watu kando ya kiwanda cha Bhopal, India, Desemba 1984, Wamarekani walitunga sheria mwaka wa 1986 inayowalazimu wenye viwanda kuwaarifu wazimamoto na wakazi wa jirani ni kemikali gani zimewekwa nyuma ya ukuta. Kompyuta ilipata la kujibu kwa sababu sheria ilikuwa imemlazimisha mwenye kiwanda kusema.

Asifikiri msomaji kwamba haya ni mambo ya ughaibuni yasiyotuhusu. Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka Embakasi, Nairobi, katikati ya makazi ya watu. Watu walikufa na wengine zaidi ya 200 wakajeruhiwa, wengi wao wakiwa majumbani mwao. Halmashauri ya kusimamia kawi na petroli ilieleza kwamba maombi ya kuweka kituo cha gesi mahali hapo yalikuwa yamekataliwa mara tatu mwaka wa 2023. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni wingi wa watu waliozunguka mahali hapo. Mwombaji alikuwa ametakiwa kuleta tathmini ya kuonyesha joto la mlipuko lingesambaa vipi endapo ajali ingetokea. Swali hilo ndilo hasa ambalo programu hizi hulijibu. Serikali ilijua swali la kuuliza, lakini jirani aliyelala futi chache kutoka ukutani hakujua kwamba swali liliulizwa, wala kwamba halikujibiwa.

Sasa na tugeuze macho tutazame Changamwe. Hapo ndipo kilipo kiwanda cha kusafishia mafuta kilichoanza kazi mwaka wa 1963 na kuacha kusafisha mwaka wa 2013, ila matangi yake yangali yanatumika kuhifadhi mafuta. Kipevu kuna gati la meli za mafuta na matangi mengine. Miritini kuna matangi makubwa ya gesi ya kupikia. Bomba la mafuta liendalo Nairobi tangu mwaka wa 1978 linaanzia huku kwetu. Na kati ya vitu hivyo vyote wanaishi watu: Chaani, Magongo, Port Reitz, Mikindani, katika nyumba za mawe na za mabati, penye vichochoro ambavyo mkokoteni wa maji hupita kwa taabu.

Mkazi wa sehemu hizi anajua jambo ambalo mchoro wa ukutani haulijui. Anajua kwamba majira ya kusi moshi huelekea upande mmoja, na kaskazi ikivuma huelekea upande mwingine. Kwa hivyo njia ya kukimbilia mwezi wa Julai yaweza kuwa njia ya kifo mwezi wa Januari. Programu inayojibizana inaweza kulihesabu hilo kwa sekunde chache, mradi iambiwe. Mshale wa kijani ulioandikwa mara moja hauwezi kamwe.

Tulishaonyeshwa matokeo ya kutojua. Septemba 12, 2011, petroli ilivuja kutoka kwa bomba na kuingia katika mtaa wa Sinai, Nairobi. Wakazi walitoka na ndoo na madebe kuyateka mafuta, na yalipowaka wakafa zaidi ya watu 100. Wengi tuliwalaumu marehemu kwa tamaa. Ni wachache waliouliza kama kuna mtu aliyewahi kukaa na watu wa Sinai siku ya salama, akawaonyesha bomba linapopita, akawaambia harufu ile ikisikika waende wapi na wamwite nani. Hapa kwetu, watu wa Owino Uhuru, Mikindani, waliishi miaka kando ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, wakavuta madini ya risasi pasipo kujua. Mwaka wa 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo baada ya kupingwa katika rufani. Sumu ile ilikuwa ya polepole, na moto ni wa haraka, lakini chanzo cha madhara ni kimoja: ukuta uliotenga anayejua na anayeumia.

Si viwanda tu. Kisauni na Likoni zina shule nyingi, na nyingine hulaza watoto. Pwani haijasahau Machi 1998, wasichana 26 walipoteketea katika bweni la shule ya upili ya Bombolulu, Mazeras, mlango ukiwa umefungwa na madirisha yakiwa na vyuma. Miaka kumi baadaye, Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni. Unataka bweni liwe na mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati, milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, na vitanda viachane kwa mita 1.2. Hata hivyo, Septemba 2024 wavulana 21 waliangamia katika bweni la shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Mwongozo ulioandikwa kwa maneno mtu huweza kuusoma na kuusahau. Lakini mwalimu mkuu akiingiza vipimo vya bweni lake katika programu, kisha akaona kwa macho yake watoto themanini wakisongamana mbele ya mlango mmoja, ataona ugumu kumwambia mzazi kwamba vyuma vya dirishani ni vya kuzuia wezi.

Hata hivyo, ningependa kuwatahadharisha wanaoshabikia mitambo. Kompyuta haizimi moto. Ukiilisha vipimo vya uongo itatoa faraja ya uongo, tena kwa rangi za kupendeza. Mpango ukiwekwa katika kompyuta ya meneja, na meneja akiwa na funguo, utakuwa umefichika zaidi kuliko ule mchoro uliofifia, ambao angalau mfagizi aliweza kuuona. Na mwaka hauishi pasipo mabadiliko: ukuta hubomolewa, kibanda huota njiani, bomba la maji hukauka. Maji ya Mombasa yenyewe hutoka mbali, Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na kila mkazi anajua siku ambazo mfereji hutoa hewa tupu. Ramani inayoonyesha bomba la zimamoto bila kusema kama lina maji leo ni ramani ya kumpoteza mwenye haraka.

Tukumbuke pia jambo la Likoni la Septemba 29, 2019. Gari liliteleza kutoka kwa feri mbele ya macho ya abiria, likazama na mama na binti yake, na likaopolewa Oktoba 11. Siku zile zote nchi ilitazama watu wakijadiliana ni nani mwenye vifaa, nani mwenye amri, na gari liko wapi hasa. Hayo si maswali ya kuulizwa wakati msiba umekwisha kutokea. Katika mpango ulio hai yangekuwa na majibu kabla, na majina ya wahusika yangekuwa yamesomwa katika mazoezi mara nyingi.

Nani basi ataiambia kompyuta ukweli? Jirani zetu wa Dar es Salaam wametuonyesha njia. Kuanzia mwaka wa 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi walipita kwa miguu katika mitaa inayofurika, wakachora nyumba, mitaro na vichochoro ambavyo havikuwa katika ramani yoyote, ili wapangaji wa mji wajue mafuriko yatamfikia nani. Kilichowagharimu zaidi si programu. Ni miguu, muda na subira. Hapa petu tuna vyuo, tuna vijana wasio na ajira, tuna wazee wa mitaa wanaojua kila uchochoro unakoishia.

Watakuwapo watakaosema kwamba kuwafungulia wananchi mipango ya viwanda ni kuwapa wezi na magaidi ramani. Hoja hii ina uzito wake, nami siipuuzi. Lakini kuna tofauti kati ya kumwonyesha mtu kufuli la ghala na kumwonyesha njia ya kukimbilia. Jirani hahitaji kujua namba za siri za lango. Anahitaji kujua ni kitu gani kilichowekwa pale, king'ora kikilia maana yake ni nini, na aende upande gani upepo ukiwa huu au ule. Watakuwapo pia watakaotaja gharama. Hao nitawajibu kwamba programu zilizo bora baadhi yake ni za bure, na kwamba mazishi ni ghali.

Katiba ya mwaka wa 2010 iliikabidhi kaunti kazi ya kuzima moto na kusimamia majanga. Kwa hivyo ombi langu linaelekezwa kwa kaunti ya Mombasa, nalo ni la mambo matatu. Kwanza, kila mwenye matangi ya mafuta au gesi, kila ghala la kemikali na kila shule ya bweni ilete mpango wake katika ramani ya kompyuta ambayo wazimamoto wanaweza kuifungua wakiwa garini, na mpango huo uhakikiwe upya kila leseni inapotolewa. Pili, sehemu ya mpango inayowahusu majirani isomwe barazani kwa chifu, kwa Kiswahili, na ibandikwe msikitini, kanisani na sokoni. Tatu, lile zoezi la kila mwaka lisiishie langoni mwa kiwanda. Majirani watoke nao, watembee njia ile, wapime dakika kwa saa zao wenyewe.

Kazi ianzie Changamwe, ambako hatari imerundikana, kisha ifuate Likoni na Kisauni. Wakati mpango mkubwa ukisubiriwa, kila msomaji anaweza kufanya dogo lililo katika uwezo wake: kesho akifika kazini, au akimpeleka mwanawe shuleni, aufuate ule mshale wa kijani hadi mwisho, ajaribu kuufungua mlango. Ukikataa kufunguka, amuulize mwenye ufunguo ni nani, na usiku hulala wapi.